UZI: Alama za kale za wapimaji kwenye majengo ya Arusha na Moshi, tuzitambue kabla hazijapigwa lipu

#1 Stafu ya Themi

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote wa jukwaa, shikamooni.

Kila nikipita mitaa ya zamani ya Arusha mjini na Moshi nakuta nyumba za kale zinavuliwa lipu, zinabandikwa marumaru ukutani, au zinabomolewa kabisa kupisha ghorofa. Sina ugomvi na mtu kuendeleza mali yake. Kinachoniuma ni kwamba kwenye baadhi ya majengo hayo, na kwenye madaraja na kalvati, kuna alama ndogo ambazo wapimaji wa zamani waliziweka kwa kazi maalumu, na zinapotea bila hata mtu mmoja kuzipiga picha. Nyingine zinachimbwa usiku na vijana walioambiwa kuna mali ya Mjerumani chini yake.

Alama ninayoisema ni benchimaki. Kwenye ramani na michoro utaona imeandikwa BM. Ni nukta moja thabiti ambayo kimo chake kutoka usawa wa bahari kimepimwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mara nyingi kimo chenyewe hakiandikwi kwenye alama, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Ukutani kuna mchoro au kipande cha chuma tu. Namba ya kimo iko kwenye orodha ya wapimaji.

Kwa nini kwenye majengo? Kwa sababu jengo la mawe lenye msingi mzuri, lililokwisha kukaa miaka, halitikisiki ovyo. Nguzo uliyoisimika kwenye udongo mweusi wa tambarare, ule unaovimba mvua zikija na kupasuka kiangazi, haikai mahali pamoja. Mpimaji alitafuta kitu ambacho hakitahama: ngazi ya kanisa, kona ya ofisi ya serikali, nguzo ya daraja, jukwaa la stesheni.

Maumbo yako namna hii. Kwa utaratibu wa Kiingereza kuna mchongo: mstari mmoja mfupi wa ulalo uliochongwa kwenye jiwe, na chini yake mistari mitatu inayokutana juu kama unyayo wa kuku, ncha ikigusa ule mstari. Kimo ni cha katikati ya mstari wa ulalo, siyo cha mshale. Mchongo wa aina hii hukaa chini, usawa wa goti au chini ya hapo, kwa hiyo anayeutafuta usawa wa macho hauoni. Halafu kuna vichwa vya chuma au shaba vyenye mgongo wa mviringo, vilivyochimbiwa kwenye zege au ngazi. Hapo kimo ni cha sehemu ya juu kabisa ya mgongo, pale inapokalia stafu, yaani ile rula ndefu ya mpimaji inayosimamishwa wima. Kuna pia mabamba ya chuma yanayobandikwa ukutani yakiwa na namba. Uingereza yako mengi, yana ukubwa wa karibu kiganja na nusu na kila moja lina namba yake.

Wajerumani kwao walipenda bolti la ukutani: chuma kinachotokeza kwa ulalo, kichwa chake cha duara, na stafu inakaa juu ya kichwa hicho.

Mwenye picha aweke. Aseme iko jengo la aina gani, urefu gani kutoka chini, na ina herufi gani. Mahali kamili pa nyumba ya mtu binafsi msipaweke hapa, tuwalinde wenye nyumba.

#2 Mama wa Rau

Ahsante sana kaka kwa uzi huu, umenikuta kwenye shida hiyohiyo.

Baba mkwe ana duka la zamani Moshi, si mbali na stesheni. Ni nyumba ya mawe, baraza lake limeinuliwa ngazi tatu. Kwenye ngazi ya chini, kona ya kushoto, kuna kitu cha shaba kama kofia ya uyoga. Kimechakaa pembeni lakini juu kinang'aa kwa sababu watu wanakikanyaga kila siku. Pembeni yake kuna michoro kwenye saruji, sijui ni herufi au ni mikwaruzo. Fundi anataka kuking'oa Jumatatu aweke marumaru. Na kuna kijana wa jirani amemwambia mzee asikubali king'olewe mpaka "mtaalamu" aje, eti chini yake kuna zebaki.

Nifanyeje?

#3 Stafu ya Themi

Mama wa Rau, pole na hongera pia. Kwanza mwambie fundi asiguse hiyo ngazi. Akianzia ukutani hatapoteza siku.

Pili, kisafishe kwa maji na brashi laini ya nguo. Usitumie brashi ya waya, msasa wala asidi, maana herufi zilizopigwa kwenye shaba kuukuu zina kina kidogo sana na msasa unazimaliza kwa dakika moja. Kikikauka, subiri jioni giza lianze, ulaze tochi ya simu karibu na ngazi ili mwanga upite kwa ubavu. Mchana wa jua la saa saba hutaona kitu, lakini mwanga wa ubavu unatoa kivuli hata kwenye mchongo uliofutika nusu. Piga picha tatu: moja ya karibu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 200 kando yake, moja ya ngazi nzima, na moja ya mbele ya jengo uwatumie wapimaji tu.

Nijibu pia: kimesimama wima kutoka kwenye ngazi au kimetokeza ukutani? Kina tundu au msalaba mdogo juu? Hilo linaamua mengi. Alama ya kimo inahitaji sehemu moja ya juu ambapo stafu itakaa. Alama ya mahali, yaani ya kupimia pembe na umbali, inahitaji nukta au msalaba wa kulenga. Chuma kimoja kinaweza kufanya kazi zote mbili, lakini umbo linakuonyesha kiliwekwa kwa ajili gani.

#4 Kijana wa Majengo

Mkuu, kwa heshima zote. Wajerumani walikimbia vita wakaacha mali, hilo hakuna anayelipinga. Babu yangu alikuwa akisema jiwe lenye mshale linaonyesha njia. Sasa huo mshale kama siyo wa kuelekeza, uliwekwa wa nini? Hakuna mtu anayepoteza siku kuchonga jiwe bure.

#5 Stafu ya Themi

Swali zuri kijana wangu, na nalijibu kwa uzito wake kwa sababu watu wameumia kwenye mashimo hayo.

Huo mshale wa mistari mitatu ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza. Waliutumia karne nyingi: kwenye vifaa vya jeshi, kwenye mawe ya mipaka ya ardhi ya jeshi, na kwenye alama za wapimaji wao. Mjerumani hakuutumia. Majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Moshi Machi 1916. Anayechimba chini ya mshale huo akitafuta mali ya Mjerumani anachimba chini ya alama ya adui wa Mjerumani. Huyo mtu aliyekuwa anakimbia angewezaje kuweka alama ya anayemfukuza?

Na babu alikuwa sahihi kwamba hakuna anayechonga jiwe bure. Mshale unamwonyesha mpimaji anayekuja baada ya miaka kwamba mstari uliopo juu yake ndio wenyewe, siyo ufa wala mkwaruzo wa mkokoteni. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Nitaongeza jambo ambalo linawadanganya wachimbaji hasa. Kwenye vituo muhimu vya upimaji, nchi nyingi zilikuwa na desturi ya kuzika alama ya pili chini ya ile ya juu. Lengo lilikuwa ya juu ikivunjwa, mpimaji achimbe taratibu aipate ya chini na kurudisha nukta palepale. Mtu akichimba akakuta jiwe jingine lenye nukta au chuma chini ya lile la kwanza, anaona moyo unadunda, anasema nimefika mlangoni. Hajafika popote. Ameharibu alama na akiba yake kwa pamoja.

Thamani yote ya kitu hiki iko kwenye kukaa kwake mahali pale. Ukikiondoa sentimita moja umebaki na kipande cha shaba cha kuuza kwa kilo, na mji umepoteza kimo ambacho kukirudisha kunahitaji watu, vyombo na siku za kazi.

#6 Mpimaji Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimesoma kimya, sasa niwape kidogo ya kazini.

Vimo vya Tanzania vinahesabiwa kutoka wastani wa usawa wa bahari pale Tanga. Kutoka pwani kimo kinabebwa hatua kwa hatua mpaka huku juu. Kazi yenyewe iko hivi. Unasimika leveli, yaani darubini ya mpimaji inayotazama kwa ulalo kamili, kati ya nukta mbili, umbali ulingane kila upande, maana hapo kasoro ya chombo inajifuta yenyewe. Msaidizi anasimamisha stafu juu ya BM. Tuseme BM ina kimo cha mita 812.630, nawe unasoma kwenye stafu 1.254. Jumlisha: mstari wa jicho lako uko 813.884. Msaidizi anahamia nukta mpya, unasoma 2.109. Toa: nukta mpya iko 811.775. Unabeba chombo, unasonga mbele, unarudia hivyo kilomita kwa kilomita mpaka BM nyingine. Ukifika, kimo ulichobeba ukilinganishe na kile kilichoandikwa. Kwa kazi ya kawaida kosa linalokubalika ni milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita. Kwa kilomita 4 ni milimita 24. Ukizidi hapo unarudi ulikotoka, hata kama jua limewachoma na maji yamekwisha.

Ndiyo maana nasikitika BM zikivunjwa. Kila moja ilibebwa hivyo kwa jasho la watu.

Kuhusu duka la karibu na stesheni: hilo eneo lina sababu ya kuwa na alama. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ya kwenda Arusha ikakamilika mwaka 1929. Reli haiwezi kujengwa bila vimo, kwa kuwa treni haipandi mteremko mkali, na kila kilomita ya njia ililazimika kupimwa kupanda na kushuka kwake. Wapimaji waliofuata nao walipenda kupita relini na kwenye barabara kuu kwa sababu njia ni ya taratibu na madaraja ni imara. Kwa hiyo ukitafuta alama, fuata reli na barabara za zamani, utazame kuta za madaraja na vichwa vya kalvati.

Ila angalieni jambo moja. Alama ya reli na alama ya taifa zinaweza kuwa na sifuri tofauti. Mjenzi anaweza kuanza na kimo alichojipangia mwenyewe kwa ajili ya mradi wake tu. Kabla ya kutumia namba yoyote ya zamani, uliza imeanzia wapi, na uliza ni futi au mita. Karatasi za Mwingereza ni futi. Futi moja ni mita 0.3048. Nimeona michoro ambapo mtu amechukua futi akaziita mita, na mtaro ukachorwa ukipandisha maji mlimani.

#7 Fundi Pima Maji

Shikamoo mzee, somo limeingia.

Sisi mafundi tunahamisha usawa kwa mpira wa maji. Unajaza maji, unatoa viputo vyote, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile, maji yakitulia unapiga alama ukutani. Kuta nyingi za saiti utakuta mstari wa rangi au penseli mita moja juu ya sakafu itakayokuja. Huo ni mstari wetu wa kazi, wala siyo BM, na lipu ikipita umekwisha kazi yake. Nasema hivi ili wana jukwaa wasilete picha za mistari yetu wakidhani ni za mkoloni.

Na ile X ya barabara? Kuna mtu mtaani kwetu ana X ya rangi nyekundu ukutani, anasema ni alama ya kipimo.

#8 Stafu ya Themi

Fundi umetusaidia sana. Hapana, X haihusiani na kimo. Ni alama ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndipo zikaja zile X mbili tunazozijua: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya awali, na kijani kwa aliyekutwa kwenye eneo lililoongezwa, ambaye anastahili fidia. Huyo ndugu wa nyekundu aende ofisi inayohusika aulize mapema, asikae na matumaini kwamba ni mchoro wa wapimaji wa kale.

Kuna vingine vinavyochanganya. Vibao vya anwani za makazi, namba za nguzo za umeme, vibao vya mamlaka ya maji vinavyoonyesha valvu iko wapi. Vyote hivyo vinasomeka vyenyewe. Bikoni ndiyo inayochanganya zaidi: nondo iliyochimbiwa kwenye zege, ina herufi na namba, iko kwenye kona ya kiwanja. Inasema mpaka uko hapa, haisemi kimo ni kiasi gani. Nayo kuing'oa ni kosa kisheria kama ilivyo kwa BM; Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324, inalinda alama zote za upimaji.

#9 Dada wa Kaloleni

Naweka picha yangu. Arusha, jengo la ghorofa moja, duka chini na makazi juu. Usawa wa sakafu ya juu, kwa nje, kuna mabamba ya chuma ya duara, kila moja na nati kubwa katikati. Yamepangwa manne kwa mstari. Tangu utotoni tunaambiwa ni alama za Wajerumani.

#10 Mpimaji Mstaafu

Binti yangu, hayo ni mabamba ya vyuma vya kushikilia ukuta. Ndani ya sakafu kuna chuma kirefu kinachopita kutoka ukuta huu hadi ule wa pili, na nati hiyo inakaza bamba ili kuta zisifunguke nje. Nenda upande wa pili wa jengo, utakuta mengine yanayotazamana nayo.

Sababu za kukataa kuwa ni BM ziko tatu. Yako juu mno, hakuna mtu atakayesimamisha stafu pale. Yako manne sawasawa, wakati mpimaji anahitaji nukta moja. Na bamba bapa lililolala ukutani halina mahali pa stafu kukaa. Mwambieni mwenye nyumba asiyafungue hata akitaka kuuza chuma chakavu. Kuta zitamjia.

#11 Dada wa Kaloleni

Nimezunguka nyuma asubuhi hii, yapo manne yanatazamana kabisa na haya. Ahsante mzee wangu, Mungu akuzidishie. Nimemweleza mwenye nyumba.

#12 ARIMO Mwaka wa Pili

Wakuu, nipo chuo cha ardhi Morogoro, kwetu ni Machame. Naongeza kwa wanaotaka kutafuta alama kwa kutumia ramani za zamani.

Ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, zilizotengenezwa na idara ya Waingereza ya upimaji wa ng'ambo na kuendelezwa baada ya Uhuru, zinaonyesha vimo na vituo vya pembetatu, yaani alama za mahali zilizopimwa kwa pembe. Lakini viwianishi vyake, yaani namba za kuonyesha mahali, viko kwenye mfumo wa zamani wa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Ukichukua namba za ramani ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, utasimama takriban mita 300 kutoka mahali sahihi. Kwa Moshi mjini mita 300 ni mtaa mwingine kabisa. Utazunguka, utasema alama imevunjwa, kumbe iko nyuma yako. Weka mfumo wa Arc 1960 kwenye programu yako kwanza, na ukanda ni wa 37 Kusini kwa Arusha na Moshi zote.

Na kimo cha simu msikitumie kuhakiki BM. Setilaiti inapima kutoka kwenye umbo la hesabu la dunia, siyo kutoka usawa wa bahari. Kwa upande wetu huu, tofauti ya hivyo viwili inazidi mita kumi. Simu nyingine inarekebisha, nyingine hairekebishi, na haikuambii.

#13 Mgeni Machame

Hapo umenigusa kijana wa nyumbani. Ndiyo maana Mlima wetu una vimo vingi? Shuleni tulikariri mita 5,895. Juzi nimesoma 5,892. Umepungua kwa sababu ya barafu kuyeyuka?

#14 ARIMO Mwaka wa Pili

Hapana kaka, kilichopimwa ni mwamba na ardhi ya Uhuru, siyo barafu. Namba ya 5,895 inatokana na upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952, futi 19,340, kwa kulenga kilele kutoka mbali na kukokotoa pembe. Mwaka 1999 watu walipanda na vyombo vya GPS wakapata 5,892 na kitu. Mwaka 2008 wakarudia, wakakaribia 5,891. Mlima ni uleule. Vyombo vimebadilika, na hesabu ya usawa wa bahari chini ya mlima imeboreshwa. Lakini upimaji wa aina yoyote lazima uanzie kwenye nukta ambayo kimo chake kinajulikana. Hata mlima mrefu kuliko yote Afrika unategemea kipande cha chuma kilichochimbiwa mahali fulani huku chini. Naomba vijana wa kuchimba walifikirie hilo.

#15 Kijana wa Majengo

Nimeelewa mkuu. Swali la mwisho, na naliuliza kwa nia njema. Kama sasa kuna setilaiti, hizi alama za nini tena? Si zimeshapitwa?

#16 Stafu ya Themi

Kuna ukweli ndani ya swali lako. Tanzania ina mfumo mpya wa marejeo, TAREF11, unaotegemea setilaiti. Uingereza kwenyewe waliwahi kuwa na alama zipatazo nusu milioni na wameacha kuzitunza. Wanategemea setilaiti pamoja na alama chache za msingi. Kwa hiyo simwambii mtu kila mchongo ni wa kazi leo.

Lakini angalia miji yetu. Arusha ina Themi, Naura na Kijenge zinazokatiza mjini, Moshi ina Rau na Karanga. Masika mtaro uliochimbwa kwa mteremko wa kukisia unarudisha maji ndani ya nyumba za watu. Mtaro unahitaji tofauti ya sentimita, na leveli iliyoanzia BM ya karibu inakupa hiyo kwa gharama ndogo kuliko chombo cha setilaiti cha kiwango hicho. Halafu alama ya zamani inajua jambo ambalo mpya haijui: ukiipima leo ukalinganisha na kimo chake cha zamani, unaona kama jengo limezama au daraja limelala. Ushahidi wa namna hiyo huwezi kuutengeneza upya.

Niwape mfano wa watu waliofanya vizuri. Mwaka 1879 Prussia waliweka nukta kuu ya vimo vyao kwenye ukuta wa jengo la kutazamia nyota mjini Berlin. Kimo chake kiliwekwa kuwa mita 37.000 kamili, na kutoka hapo vimo vya nchi nzima vikahesabiwa. Jengo likaja kutakiwa kubomolewa. Kabla halijabomolewa, kimo kilihamishwa kwa leveli hadi nukta mpya zilizochimbiwa ardhini mashariki ya Berlin, mwaka 1912. Jengo likaondoka, kimo kikabaki.

Ndicho ninachokiomba kwa Arusha na Moshi. Ukitaka kubomoa, bomoa. Mpe mpimaji nusu siku kabla ya hapo.

#17 Mama wa Rau

Nimerudi kaka. Nimesafisha kama ulivyosema, na jana jioni nimeweka tochi kwa ubavu. Wakuu, saruji ina maandishi! Kuna B na M zimeandikwa kwa kitu chenye ncha saruji ikiwa mbichi, chini yake mshale wa mistari mitatu, na namba mbili. Ya tatu imevunjika. Shaba yenyewe haina tundu wala msalaba, ni mgongo laini tu. Imesimama wima kwenye ngazi.

Baba mkwe amekuja kuangalia. Amesema yeye alikikuta alipohamia, na mzee aliyemuuzia alimwambia asikiguse, bila kumweleza sababu.

#18 Mpimaji Mstaafu

Mama, hiyo ni BM. Herufi, mshale, mgongo laini, ngazi ya chini ya jengo la mawe, jirani na reli: vyote vimekubaliana. Namba iliyovunjika isikusumbue. Mbili zilizobaki na mahali ilipo zinatosha kuitafuta kwenye orodha.

Peleka picha na barua fupi ofisi ya ardhi ya mkoa, kwa wapimaji. Andika mtaa, kiwanja, na kwamba mko kwenye ukarabati. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wakija na leveli, waombe wahamishe kimo hadi nukta nyingine ya jirani kama tahadhari, hata kama ngazi inabaki.

#19 Fundi Pima Maji

Mama wa Rau, mwambie fundi wako hivi. Marumaru ya ngazi hiyo aikate shimo la duara pana kuliko kile kichwa kwa vidole viwili kila upande, aache na sehemu ya maandishi wazi. Pembeni azibe kwa saruji laini yenye mteremko wa kutoa maji, asimwage gundi juu ya shaba. Asikate kwa grenda ikiwa ngazini. Akatie pembeni alete imekatwa. Na kile kichwa kibaki juu kuliko marumaru, kisizame, la sivyo stafu itakalia marumaru badala ya alama.

#20 Mama wa Rau

Fundi amesoma mwenyewe kwenye simu yangu, amesema inawezekana na haongezi pesa. Baba mkwe ameuliza kama anaruhusiwa kuweka turubai la kivuli juu ya baraza.

#21 Stafu ya Themi

Aweke la kukunjwa. Stafu inasimama wima juu ya alama na ni ndefu, kwa hiyo juu ya ile kona pawe wazi siku wapimaji wakija. Na ile kona asipange ndoo wala majiko ya kuuza.

Kijana wa Majengo, wewe uko karibu. Pita kwenye madaraja ya zamani ya upande wa reli utuletee picha za kuta zake, chini usawa wa goti. Wengine wenye picha za Arusha endeleeni kuweka.